Naomba ushauri: kifaa cha kujifunzia kurusha kavuboli

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Kisumu. Mpwa wangu ana miaka 15, amenogewa na besiboli, na sasa anataka kurusha kavuboli, ule mpira unaozama ghafla ukimkaribia mpigaji.

Nimemtundikia tairi kuukuu kwenye mwembe, tukapima mita 18.44 kwa futi ya fundi, umbali wa kawaida wa mrushaji hadi kwa mpigaji. Shabaha anayo, ila mpira haushuki ng'o. Nilichora mstari mweusi kuuzunguka ili tuone mwendo wake: unazunguka kwa upande kama pia, badala ya kubingirika kwenda mbele. Na kidole cha kati anakibana kwenye mshono vizuri tu!

Sasa, ninunue ile sahani nene ya mazoezi, inayorushwa badala ya mpira na ambayo ukiiachia vibaya inayumba waziwazi, au mpira wenye alama za vidole? Kuna fundi pale Kibuye anasema sahani ataichonga kwa raba ya tairi. Au nipunguze umbali kwanza?

Halafu kiwiko. Juzi alilalamika kinamuuma, nikamsimamisha wiki nzima. Mama yake bado hajui. Kwa umri huu, arushe mara ngapi kwa siku?