Bolti ya stemu imekatika na kipande kimebaki ndani: kitatolewaje?

Raskazone:
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina baiskeli ya gia ya mtumba ambayo stemu yake, yaani kile kipande kinachoshika usukani, ina kifuniko cha mbele kinachofungwa kwa bolti nne ndogo za alenki (ufunguo wa pembe sita) namba 4. Jana, nikiwa kwenye barabara ya vumbi, bolti ya chini kushoto ilikatika shingoni, kichwa kikadondoka, na kipande kilichobaki kiko sawasawa na uso wa alumini, hata koleo halina pa kushika. Fundi mmoja anasema niendelee na zile tatu kwa kuwa usukani hauchezi. Mwingine anataka kulipanua tundu aweke bolti nene zaidi. Naomba ushauri wenu kabla sijamkabidhi yeyote.

Fundi Mstaafu:
Pole sana, ndugu. Tatu hazitoshi, hata kwa safari ya dukani. Bolti ya chini iliyosalia sasa inabeba kazi ya mbili, na siku itakapokatika nayo kifuniko kitaachia upande wa chini na usukani utageuka mikononi mwako. Bolti nene nayo siishauri: hiyo yako ni ya milimita 5, na ukitaka kuweka ya 6 itabidi ule ukuta mwembamba wa alumini unaolizunguka tundu upunguzwe zaidi, na kifuniko nacho kitobolewe upya.

Kabla ya kushika keekee, mulika tochi uutazame uso wa mkatiko. Ukiwa na rangi moja, wa kijivu, wenye alama za kusokotwa, bolti ilikazwa kupita kiasi. Ukiwa na sehemu nyeusi au laini na sehemu nyingine inayong'aa, basi ufa ulianza zamani ukakua kidogo kidogo, na hapo zibadilishe zote nne, kwa sababu zimeishi maisha yale yale. Watu wengi hudhani bolti hukatika kwa kukazwa mno tu, ilhali iliyolegea huchoka upesi zaidi, maana kila shimo la barabarani huivuta na kuiachia.

Kuhusu kukitoa: kichwa kikishakatika, mkazo nao umeondoka, na kama hakuna kutu basi kipande hicho hakishikiliwi na kitu kikubwa. Vua usukani, weka senta panchi (chuma cha kugongea alama) yenye ncha kali karibu na ukingo wa kipande, kisha gonga taratibu kuelekea kinyume cha saa. Kikigoma (na huko pwani chumvi huvigandisha chuma na alumini vikawa kama kitu kimoja), kiloweshe kwa mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha, halafu mwagia stemu maji yanayochemka na ugonge tena; alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma, na tofauti hiyo ndogo mara nyingi hutosha kuvunja mgando.

Pedali ya Bara:
Naafikiana na Mzee, ila naongeza mambo mawili. Ikibidi kutoboa, usikubali fundi atumie kile chombo cha kung'olea bolti kwenye bolti nyembamba hivi, kwa sababu kimetengenezwa kwa chuma kigumu sana, na kikikatikia ndani hakuna biti ya kawaida itakayokigusa. Afadhali apige alama katikati kabisa, atoboe kwa biti ya milimita 2.5, apanue hadi 4.2, kisha apitishe tapi (chombo cha kukatia hesi, yaani ile mikato ya mzunguko ya bolti) ya milimita 5 yenye hatua, yaani umbali kati ya mkato na mkato, ya 0.8 ili kusafisha hesi.

La pili ni dukani. Maduka ya vifaa vya ujenzi bado huuza bolti za inchi, na ile ya 3/16 hufanana mno na ya milimita 5, lakini hesi zake ni tofauti. Itaingia mizunguko michache kisha itakula alumini. Jaribu maduka ya vipuri vya pikipiki, na uhakikishe kichwani pameandikwa 8.8 (daraja la uimara wa bolti) au zaidi.

Raskazone:
Ahsanteni sana. Uso wa mkatiko ulikuwa mweusi zaidi ya nusu, na ukingo mmoja tu ndio uliong'aa. Kipande kilianza kuzunguka baada ya maji ya moto, nikakimalizia kwa ncha ya bisibisi, na hesi ni nzima. Nimepata bolti nne za 8.8. Sina spana ya kupimia mkazo. Nitajuaje nimefikia kiasi?

Fundi Mstaafu:
Soma kwanza maandishi kwenye stemu yenyewe. Nyingi za aina hiyo huandikwa nyutoni mita (kipimo cha mkazo) 5 au 6. Tano ni sawa na kuvuta kilo 5 kwenye alenki, sentimita 10 kutoka kwenye bolti, na mizani ndogo ya kuning'iniza ya sokoni itakuonyesha uzito huo. Linganisha urefu wa bolti mpya na wa zile za zamani, kwa sababu iliyo ndefu hugonga mwisho wa tundu ukadhani imekaza kumbe kifuniko hakijabanwa. Paka grisi kidogo kwenye hesi, kaza kwa kukatisha pembe kwa pembe, kila moja robo mzunguko kwa zamu, huku ukiangalia mwanya wa juu na wa chini ulingane, isipokuwa kama mtengenezaji ameagiza vingine. Baada ya safari ya kwanza zipime tena zote nne kwa uzito ule ule.