Geji ya Land Rover ya Babu

*Kikundi cha ukoo, Jumamosi mchana*

Hamza: Shikamooni wakubwa. Kuna mtu yuko Soni au karibu aniletee lita tano za petroli? Land Rover imezima kwenye kona, kabla ya maporomoko. Niko na Bibi.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Mama yuko salama???

Hamza: Salama kabisa shangazi. Ameshashuka, anapatana bei ya pichesi na wale mama wa barabarani.

Baba Mdogo Athumani: Si uliniambia Mombo umeangalia mafuta?

Hamza: Niliangalia baba mdogo. Sindano ilikuwa robo. Gari imezima na bado inasema robo. Nimetikisa tangi, kukavu.

Hamza: 📷 Picha

Zuhura: 😂😂 Robo ya nini sasa, ya hewa

Shangazi Mwanaidi: Kijana wa bodaboda ninayemfahamu anakuja na kidumu. Mpe hela yake hapohapo, asije akanidai mimi.

Hamza: Asante shangazi.

Bibi (simu ya Hamza): 🎤 Sauti 1:12

Zuhura: Nawaandikia, maana upepo umekula nusu. Bibi anasema: "Babu yenu miaka yote hakuiamini saa ile ya mafuta hata siku moja. Alikuwa na ufito wake nyuma ya kiti. Anafungua mfuniko, anatumbukiza, anatazama, anaondoka. Nyinyi mmepaka gari rangi ya harusi, ufito mmeutupa. Kaeni barabarani." Halafu kuna maneno ya kuhusu pichesi.

Baba Mdogo Athumani: Mimi sikutupa ufito wa mtu.

Zuhura: Baba mdogo hakuna aliyekutaja 😅

*Jumamosi usiku*

Mjomba Rajabu: Assalaam aleikum. Nilikuwa shambani, sasa ndiyo nasoma. Mmefika?

Hamza: Wa aleikum salaam mjomba, shikamoo. Tumefika saa kumi. Kesho naenda Korogwe kutafuta floti mpya ya tangi, kile kipima mafuta chenye boya.

Mjomba Rajabu: Marahaba. Hujaenda Korogwe bado. Geji ya joto inasomaje?

Hamza: Ya joto? Hiyo nayo ni kesi yake. Tangu gari itoke rangi inapanda mpaka karibu na nyekundu. Tumebadilisha thamostati, tumenunua kofia mpya ya rejeta. Haishuki.

Mjomba Rajabu: Maji yanachemka?

Hamza: Hapana. Hata leo kwenye mlima, nilipofungua boneti hakuna mvuke wala maji kumwagika.

Mjomba Rajabu: Na ukijaza ful tenki, sindano ya mafuta inasimama wapi?

Hamza: Inapita F, inaegemea mwisho kabisa.

Mjomba Rajabu: Basi tulia. Geji moja ikidanganya, tafuta kwenye tangi na waya wake. Zikidanganya mbili kwa pamoja, tena zote kwa kupandisha, tafuta kile wanachokula sahani moja. Kwenye Series III, Land Rover aina ya hii yetu, geji za mafuta na joto zinapata umeme kupitia stebilaiza moja, kikopo kidogo nyuma ya ubao wa geji.

Zuhura: Mjomba ya kazi gani? Betri si ni volti 12 tu

Mjomba Rajabu: Betri si 12 tu mwanangu. Gari likinguruma inafika 13.8, hata 14. Likiwa limezimwa 12 na kitu. Geji zile za kampuni ya Smiths ndani yake kuna kibati cha metali mbili kilichozungushiwa waya. Waya ukipita umeme unapata moto, kibati kinapinda, kinasukuma sindano. Ndiyo maana ukiwasha gari sindano inapanda pole pole, haikurupuki. Sasa umeme ukizidi, moto unazidi, sindano inapanda bila mafuta kuongezeka. Stebilaiza inawekwa ili geji zione wastani wa volti 10 siku zote.

Mjomba Rajabu: Na hiyo stebilaiza nayo ina kibati kama hicho. Kinapata moto, kinakata. Kinapoa, kinaunga. Lakini ule waya wake wa moto unamalizia kwenye kopo lenyewe, na kopo linapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwa kugusa ubao. Kopo likikosa ethi, waya haupati moto, kibati hakikati kamwe. Volti zote zinapita moja kwa moja.

Mjomba Rajabu: Swali langu la mwisho kabla sijalala. Fundi aliyepaka rangi, ubao wa geji aliutoa?

Hamza: Aliutoa. Akaupuliza rangi mbele na nyuma.

Mjomba Rajabu: Haya. Lala salama.

Zuhura: 👀 Baba mdogo uko online

Baba Mdogo Athumani: Nilitaka gari la marehemu baba ling'ae kama yale tuliyoyaona Arusha 2024. Ni kosa?

Shangazi Mwanaidi: Si kosa kaka. Limeng'aa. Ila nyie watu, mchango wa harusi ya Mwajuma mwisho Ijumaa, msijifanye mmesahau kwa sababu ya Land Rover.

*Jumapili asubuhi*

Hamza: Mjomba nimefungua ubao. 📷 Picha

Mjomba Rajabu: Hicho kikopo hapo. Umeona skrubu yake imekaa juu ya rangi? Una mita?

Hamza: Ninayo ya kidijitali.

Mjomba Rajabu: Weka kwenye volti. Waya mweusi wa mita kwenye bodi palipo na chuma kitupu, mwekundu kwenye waya unaotoka stebilaiza kwenda geji. Washa swichi, injini usiwashe.

Hamza: 12.4. Imetulia palepale, haitikisiki.

Mjomba Rajabu: Ndiyo ugonjwa wenyewe. Ingekuwa nzima namba zingerukaruka. Sasa vua betri, toa kopo, piga msasa chini yake na kwenye ubao mpaka uone chuma. Halafu usiishie hapo, funga na waya mfupi kutoka skrubu ile mpaka kwenye bodi. Hapo palipopigwa msasa patashika kutu siku moja.

Hamza: 🫡

Hamza: Nimemaliza. Mita inaruka sasa, 12, sifuri, 12, sifuri, kama indiketa iliyochoka.

Mjomba Rajabu: Vizuri mno. Hiyo ndiyo stebilaiza ya zamani inavyopumua. Usijaribu kusoma 10 kwenye mita ya kidijitali, hutaiona. Washa injini, endesha mpaka sokoni urudi.

Hamza: JAMANI. Joto imesimama katikati. Imekaa hapohapo mpaka nimerudi.

Baba Mdogo Athumani: Kwa hiyo thamostati na kofia nilizonunua?

Zuhura: Sadaka 😂

Hamza: Lakini mafuta bado mjomba. Nimejaza ful tenki sokoni, yameonekana mpaka shingoni. Sindano imepanda, imekomea nusu na kidogo. Zamani ilikuwa inapita F, sasa haifiki.

Baba Mdogo Athumani: Mmeiharibu zaidi. Tafuteni floti ya gari la Kijapani, zimejaa, mfunge tuachane na hii.

Mjomba Rajabu: Athumani mdogo wangu, floti ya gari lingine ina namba zake. Hii ya Smiths tangi tupu inasoma ohmu, yaani ukinzani wa umeme, kama 240, tangi likijaa ishirini na ushee. Ukifunga yenye namba nyingine, geji itakuambia uongo mpya, tena wa kudumu. Na hatujaharibu. Gari lilikuwa na uongo wawili unaofunikana. Mmoja unapandisha, mwingine unashusha. Tumeondoa wa kupandisha, wa pili umebaki uchi.

Mjomba Rajabu: Hamza, inua mto wa kiti cha dereva na lile bati chini yake. Tangi la 88, Land Rover fupi kama hii, umelikalia. Utaona floti juu, waya wa kijani wenye mstari mweusi. ONYO: tangi limejaa, skrubu za floti usiguse hata moja. Hapo tunapima kwa nje tu. Milango wazi, na mtu wa sigara asisogee.

Shangazi Mwanaidi: Hamza, na kuku wa Mama wasisogee, wakimwaga kitu hapo.

Hamza: Nimechomoa waya. Sindano imerudi E taratibu.

Mjomba Rajabu: Sahihi. Sasa unga waya mrefu kwenye ule wa kijani na mweusi, ncha yake uigusishe bodi ya mbele, mbali na tangi, tusitafute cheche juu ya petroli. Sindano ikifika F iachie, usiikaange.

Hamza: Imefika F. Kama sekunde thelathini hivi.

Mjomba Rajabu: Geji nzima, waya mzima. Zima swichi. Mita kwenye ohmu. Kwanza pima kati ya terminali ya floti na bati la floti lenyewe. Pili kati ya terminali ileile na chesisi. Nipe namba zote mbili.

Hamza: Ya kwanza 26. Ya pili 69.

Zuhura: Mjomba ngoja! 69 kutoa 26 ni 43. Hizo 43 ziko kati ya floti na chesisi?

Mjomba Rajabu: Huyu mtoto angekuwa fundi umeme, tungekula raha. Ndiyo. Boya liko juu, floti inasema kweli: 26, tangi limejaa. Lakini njia ya kurudi kwenye chesisi inaongeza 43. Geji inaona 69, inasema nusu na kidogo.

Zuhura: Na tangi lilipakwa rangi pia?

Hamza: Tangi, mabano yake, boliti, kila kitu. Nyeusi inang'aa kama kiatu.

Shangazi Mwanaidi: 🤭

Baba Mdogo Athumani: Haya, haya. Nimesikia.

Mjomba Rajabu: Usimlaumu baba yako mdogo, wapuliza rangi wengi hawakumbuki kwamba bodi ndiyo waya wa nusu ya gari. Hamza, kuna waya wa ethi kwenye floti?

Hamza: Hakuna. Kuna alama tu ya mahali palipokuwa na kitu.

Mjomba Rajabu: Utafunga wako. Ila skrubu ya floti usiilegeze leo. Tafuta sikio la tangi, lile la boliti inayolishikilia, likwangue mpaka chuma, weka waya mpaka boliti ya chesisi nayo imekwanguliwa. Paka grisi juu ili maji yasiingie. Kisha pima tena.

Hamza: 28!

Hamza: Sindano inapanda… inapanda… F. Imesimama kwenye F, haijapita.

Zuhura: 🎉🎉🎉

Mjomba Rajabu: Alhamdulillah. Ila F ni upande mmoja. Mafuta yakipungua ndiyo tutajua kama mkono wa boya haujapinda. Na usisome geji ukiwa umeegesha mlimani, mafuta yanakimbilia upande mmoja, boya linafuata. Soma kwenye tambarare.

Hamza: Lushoto tambarare nitaitoa wapi mjomba 😄

Mjomba Rajabu: Uwanja wa mpira.

*Alhamisi jioni*

Hamza: Shikamooni. Ripoti. Niko uwanjani, sindano iko nusu kamili. Na nimeupata ufito.

Shangazi Mwanaidi: Ufito wa baba??

Hamza: Bibi alikuwa anaufungia mlango wa banda la kuku. Miaka yote upo pale. 📷 Picha

Hamza: Una kata tano za kisu. Nimeutumbukiza, umelowa katikati ya kata ya pili na ya tatu. Lakini tangi ni lita 45, kata tano, ni lita tisa tisa? Nani anapima kwa tisa?

Mjomba Rajabu: Babu yako alihesabu kwa galoni. Galoni ya Kiingereza ni lita nne na nusu, tangi galoni kumi. Kata moja galoni mbili. Umelowa kwenye mbili na nusu, yaani galoni tano. Nusu tangi.

Zuhura: Na sindano inasema nusu 😭😭

Baba Mdogo Athumani: Sasa ufito urudi nyuma ya kiti. Nitautafutia na kifuko.

Bibi (simu ya Shangazi Mwanaidi): 🎤 Sauti 0:19

Zuhura: Bibi anasema: "Hamza ufito uko wapi? Mlango umejifungua, kuku wako kwenye mchicha wa jirani."