C70 ya volti 6 imechoka: niisuke injini, niweke 110, au nihamie CG125?

Tairi_Kavu
Wakuu, nina Honda C70 ya enzi za volti 6. Fremu ni nzima, ila injini inatoa moshi wa buluu na inagonga nikiongeza mafuta. Naona njia tatu: kuisuka hii hii, kuweka injini ya Kichina ya kulala (silinda imelala kama ya C70) ya cc 110 au 125, au kuchomelea fremu niingize ya kusimama aina ya Honda CG125. Aliyewahi kufanya anisaidie.

Mzee_wa_Spana
Kijana, moshi na mlio ni kesi mbili. Moshi wa buluu ni oili inayopita kwenye ringi au kwenye valvu, na hiyo inatibika kwa kufungua kichwa na bloku tu. Silinda ya C70 ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni inatembea 41.4, ndizo hizo cc 72. Pistoni kubwa zaidi huja kwa hatua za milimita 0.25, mpaka 1.00, kwa hiyo bloku inachongwa zaidi ya mara moja kabla ya kutupwa.

Mlio ndio wa kuogopa. Ukishavua bloku, shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini) uivute juu na kuisukuma chini. Ikicheza hivyo hata kidogo, beringi ya kranki imekwenda na lazima upasue injini nzima. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida yake. Nimeona kranki nzima kabisa zikiuzwa chuma chakavu kwa kutojua hilo.

Binti_Kabureta
Mimi niliweka 110 kwenye C70, na sijuti. Usidanganywe na stika, soma herufi zilizogongwa kwenye injini. 1P52FMH maana yake silinda moja, imelala (hiyo P), kipenyo 52, inapozwa kwa hewa, ya pikipiki, na H ni kundi la 110. Ukikuta I mwishoni ni 125. Ukikuta 156FMI, bila P, hiyo ni ya kusimama na kwako haifai.

Bolti mbili za nyuma zinazobeba injini ziliingia bila kuchonga chochote. Jasho lilianza baadaye. Kabureta iligusa kingio la miguu, nikatafuta mnifoldi iliyopinda, ile bomba inayounganisha kabureta na injini. Mguu wa kiki uligonga pedali. Kisha cheni: saizi za 420 na 428 zote zina milimita 12.7 toka pini hadi pini, kwa hiyo zinakaa kama ndugu, lakini upana wa ndani ni 6.35 kwa 7.94. Sproketi ya mbele na ya nyuma lazima ziwe za namba moja, na uweke rula ndefu uone kama zimenyooka. Pima pia shafti ya sproketi kabla ya kununua, kuna za milimita 17 na za 20.

Umeme ndio ulionichelewesha kuliko vyote. Injini yenyewe inawaka kwa waya chache, maana CDI zake (kile kisanduku cha kuwasha plagi) nyingi hazihitaji betri. Lakini inazalisha kwa ajili ya volti 12. Betri, balbu zote, honi, fleksha na regyuleta (kidhibiti cha umeme) vibadilike pamoja. Nilisahau balbu ya nyuma. Nilipoongeza mwendo tu ikazima.

Kiki_Moja
Dada, gia zako zinazunguka? Ya kwangu ukitoka ya 4 ukakanyaga tena inaingia nyutro, halafu ya 1, hata ukiwa mwendoni. Nyingine hazikubali kuzunguka mpaka usimame. Muulize muuzaji kwanza.

Binti_Kabureta
Ya kwangu inazuia. Kweli, nilipaswa kuanza na hilo.

Nyundo_na_Moto
Kuhusu CG125: mimi ni mchomeleaji na niliwahi kuifanya kazi hiyo kwenye fremu ya aina yako. Sirudii. Fremu ya C70 ni bati lililokunjwa na injini inaning'inia kwa nyuma. CG imesimama, inataka fremu ya kuibeba mbele na chini, pamoja na nafasi pale pale unapopitisha mguu. CG ni ngumu kweli, haina hata cheni ya taimingi, inasukuma valvu kwa fimbo. Ukiipenda, nunua pikipiki yake.

Na ile 125 ya kulala, ikiwa ya klachi ya mkono? Inaingia, ila utaongeza kebo na mkono wa klachi, na breki za ngoma zinabaki zile zile za cc 72.

Tairi_Kavu
Nimefungua jioni hii. Konrodi inacheza juu na chini, naisikia hata kwa kidole. Bloku ina mikwaruzo lakini inachongeka.

Nimeamua 110 ya klachi otomatiki. Ya zamani naipaka oili na kuifunga kwenye gunia mpaka nipate kranki, kwa sababu siku moja nataka irudi mahali pake. Mnifoldi yako ilipinda kuelekea wapi, dada?

Binti_Kabureta
Kulia, ukiwa umeketi. Na namba ya injini ikibadilika, kadi ya usajili ibadilishwe kabla hujaingia barabarani.

Mzee_wa_Spana
Kwenye gunia, ziba tundu la plagi na la ekzosi. Panya wanapenda sana silinda.