Tupeane uzoefu: kupatana bei na maduka ya bunduki ya mtandaoni hapa Marekani

Swala wa Minnesota

Wakuu, heshima zenu. Waswahili tunaowinda hapa Marekani tuko wengi sasa, na kila unapokaribia msimu wa kulungu swali ni lile lile: duka la mtandaoni limeandika dola 519, je, ndiyo bei ya mwisho? Mara nyingi siyo. Wanaoijua biashara hii waweke hapa vitu vya kufanyia kazi: nini kinapungua, nini hakipungui, uandike nini, na hela inavujia wapi.

Naanza na kinachowachanganya wengi. Viwanda vingi huwawekea wauzaji bei ya chini kabisa wanayoruhusiwa kuitangaza, kwa kifupi MAP. Zingatia neno hilo, kuitangaza. Muuzaji akiandika chini ya hapo kwenye ukurasa wake, kiwanda kinaweza kumkatia mzigo. Lakini kukuuzia chini ya hapo, wewe mmoja, kwa simu au barua pepe, kwa kawaida hakumwingizi matatani. Ndiyo maana maduka mengine huandika "weka kwenye kikapu uone bei" au "tuandikie upate bei". Ukiona bunduki ile ile ina bei ile ile hadi senti kwenye maduka matano, ujue umeikuta MAP, na hapo ndipo pa kuuliza.

Barua iwe fupi, mistari minne inatosha. Taja modeli, kaliba (ukubwa wa risasi) na namba ya UPC, ile iliyo chini ya mistari myeusi ya boksi. Weka kiungo cha duka jingine lenye bei nzuri zaidi na linaloonyesha mzigo upo. Taja jimbo lako na duka litakalokupokelea. Kisha uliza bei kamili pamoja na usafiri, na useme utalipa leo wakikubali. Anayeuliza tu "mwisho ngapi?" hajibiwi, kwa sababu anayejibu ni karani mwenye barua mia mbili mbele yake na anatafuta mteja aliye tayari.

Bi Zuhura, Columbus

Asante mkuu. Nataka niongeze hesabu, maana watu wanashindania dola 20 kwenye bei huku dola 100 zikitokea mlango wa nyuma.

Sheria ya silaha ya mwaka 1968 hairuhusu duka la jimbo jingine kukuletea bunduki nyumbani. Inakwenda kwa muuzaji wa karibu yako mwenye leseni ya shirikisho, tunayoiita FFL. Yeye anakujazisha fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia bunduki, anapiga NICS, mfumo wa FBI wa kuhakiki wanunuzi, na anatoza ada yake. Halafu tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 2018 kuhusu kodi ya mauzo, ile dhana kwamba kununua nje ya jimbo ni kukwepa kodi imekwisha kwa maduka makubwa.

Chukua mfano huu. Umepatana dola 489. Usafiri 25. Kodi ya asilimia 7 juu ya bunduki ni 34.23. Jumla 548.23. Duka linaongeza asilimia 3 ya kadi, 16.45, unafika 564.68. FFL wako anatoza 40 za kupokea. Jumla umelipa 604.68.

Sasa duka la mtaani likikuuzia bunduki ile ile kwa 559, ukaongeza kodi ile ile 39.13, unalipa 598.13. Ile "ghali" ya 559 imeishinda ile "rahisi" ya 489. Kwa hiyo nenda kwanza kwa huyo FFL ukiwa na hesabu nzima kwenye karatasi, umwambie: mtandaoni inanifikia 604, wewe waweza kuniuzia ngapi? Wengi watajitahidi kukaribia, kwa sababu wanajua vizuri zaidi kuliko wewe kwamba ada ya kupokea ni kidogo kuliko faida ya kuuza.

Ukibaki mtandaoni, shughulikia kwanza hiyo asilimia 3. Maduka mengi huifuta ukilipa kwa hundi au hawala ya benki, ila kwa duka usilolijua usifanye hivyo. Mkongo atalieleza hilo.

Kombo, Houston

Bunduki mpya za modeli inayotafutwa hazina nafasi ya kupunguzwa. Faida ya muuzaji ni nyembamba, na akikataa hakuonei. Usimbane hapo, mbane kwenye vitu vyenye faida nene: darubini, pete za kuifungia, mkanda, begi, magazini (kisanduku cha risasi) ya pili. "Bei yako naikubali, niongezee magazini moja na usafiri uwe bure" hukubaliwa mara nyingi zaidi kuliko "nipunguzie 40", ingawa kwako thamani inakaribiana.

Zinazopungua kweli ni hizi: zilizorudishwa na wateja, zenye mkwaruzo wa rangi, za maonyesho, zilizokuwa za polisi, na modeli iliyopata mrithi. Kila Januari viwanda huonyesha vitu vipya kwenye SHOT Show kule Las Vegas, na mzigo wa modeli ya jana unaanza kumkera mwenye ghala. Bunduki za kuwindia ulizia kati ya mwisho wa Desemba na Februari. Septemba na Oktoba ndiyo miezi mibaya, kila mtu anataka ya kwake kabla ya msimu.

Usisahau marejesho ya kiwanda (rebate), hela unayorudishiwa baada ya kununua. Hayo yanalipwa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo yanajumlika juu ya punguzo la duka. Watu huyakosa kwa kosa moja: wanaacha boksi kwa FFL. Fomu nyingi zinataka kipande halisi cha UPC kilichokatwa kwenye boksi, pamoja na risiti yenye tarehe iliyo ndani ya ofa. Mwombe FFL asilitupe boksi.

Kwa wanaotengeneza risasi wenyewe kwa kujaza maganda upya: ada ya shehena hatari inayotozwa kwa baruti na viwashio ni ya kila shehena, si ya kila kopo. Agizeni wawili watatu kwa pamoja.

Mkongo wa Louisville

Ndugu zangu, nisikilizeni kwa makini. Duka linalouza nusu ya bei ya wengine, linaandika "tunaleta hadi mlangoni bila FFL", na linataka Zelle, Cash App au sarafu za kidijitali, hilo siyo duka. Picha zimeibwa kwenye duka la kweli, mara nyingine hata jina na anwani ya leseni ni vya kuiba.

Kabla ya kulipa, omba namba ya leseni yao. ATF, shirika la serikali linalotoa leseni hizo, wana ukurasa unaoitwa FFL eZ Check: unaingiza tarakimu 3 za mwanzo na 5 za mwisho, unaona jina na anwani kama zilivyosajiliwa. Usiishie hapo. Tafuta simu ya duka hilo kwa njia nyingine, si ile iliyo kwenye tovuti yenyewe, upige uulize kama tovuti ile ni yao. Lipa kwa kadi ya mkopo, benki ina pa kushika ukidhulumiwa. Hapo hiyo asilimia 3 ina thamani yake.

Na jambo jingine, naomba tusioneane haya. Binamu akikwambia "wewe una makaratasi, nichukulie kwa jina lako, hela hii hapa", huo ni uhalifu wa shirikisho. Tangu sheria ya mwaka 2022 kifungo chake kinafika miaka 15. Na kuificha kwenye kontena pamoja na gari linalokwenda Mombasa au Dar ni magendo, huku na kule.

Tausi_Maine

Samahani wakuu, mwenye green card anaruhusiwa?

Bi Zuhura, Columbus

@Tausi ndiyo dada, mkazi wa kudumu anaruhusiwa kama hana kizuizi kingine cha kisheria, na namba yake ya uhamiaji anaijaza kwenye 4473. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa ana msamaha unaotambuliwa, kwa mfano leseni halali ya kuwinda. Bastola lazima ipokelewe kwenye jimbo unaloishi. Na kama umehama, kitambulisho chako kina anwani ya zamani, chukua hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kama kadi ya usajili wa gari. Watu wanafika dukani mzigo umeshafika, wanarudishwa, na FFL wengine wanaanza kuhesabu ada ya kuhifadhi. NICS ikisema subiri, nayo inaweza kula siku tatu za kazi au zaidi.

Swala wa Minnesota

Namalizia na kaunta ya FFL, maana hapo ndipo nguvu yako ya mwisho ya kudai bei. Ukishatia saini na uhakiki ukapita, maduka mengi yanaihesabu bunduki hiyo kuwa imetumika na hayaipokei tena. Kagua kabla ya kushika kalamu.

Mwombe afungue bolti, kile chuma cha nyuma kinachofunga chemba, na kuthibitisha bunduki haina risasi. Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na iliyo kwenye boksi na risiti, herufi kwa herufi. Aitoe bolti, muweke karatasi nyeupe upande wa nyuma, uchungulie kupitia mdomo wa mtutu: mikondo iliyochongwa ndani ya mtutu iwe safi, isiwe na kutu wala vitundu. Pitisha kucha polepole kuzunguka ukingo wa mdomo, ukikwama pana pengo, na pengo hapo huharibu shabaha. Angalia kitako nyuma ya kishikio, nyufa za usafirishaji huanzia hapo. Kaza macho kwenye skrubu: kichwa kilicholiwa maana yake iliwahi kufunguliwa, na kama uliuziwa kuwa mpya, hiyo siyo mpya.

Ukiona kasoro, usisaini. Piga picha pale pale ikionekana na namba, watumie duka, na uwape njia mbili: waichukue kwa gharama zao, au wakurudishie kiasi fulani ubaki nayo. Kiasi ukitaje wewe. Usafiri wa kuirudisha wataulipa wao, kwa hiyo kwa mkwaruzo wa kitako anza na gharama hiyo ya usafiri na uongeze kidogo.