Bastola ndogo ya kubeba kila siku: nisaidieni kabla sijarejea Columbus

Mashoto_wa_Machomane

Assalaamu alaykum jamaa zangu. Mie mtoto wa Chake, Machomane, ila riziki yangu miaka tisa sasa iko Columbus, Ohio. Nimekuja kumsaidia mama msimu huu wa karafuu, narejea mwisho wa mwezi ujao. Nikifika nataka kununua bastola ya kuvaa kila siku chini ya nguo, isionekane. Humu najua mna waliovaa magwanda na waliowahi kuishi kule, ndio maana nauliza hapa.

Sababu ni hii. Nafanya kazi za usiku katika duka la kituo cha mafuta. Mwezi wa Februari, saa nane usiku, aliingia kijana kavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaniwekea mtutu juu ya kaunta. Nikampa pesa zote akaenda zake. Sikuumia, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile kengele ya mlango ikilia mikono yangu inapoa. Mwenye duka amenikubalia kwa maandishi. Kwa sheria sina kizuizi: uraia wa kule ninao, miaka 21 nimeshaipita zamani, na Ohio tangu Juni 2022 haimtaki kibali cha kubeba mtu mzima ambaye sheria haikumkataza kumiliki silaha.

Kabla ya kusafiri nilishika tatu dukani. Glock 19 ilinikaa mkononi kama niliyoizoea, vidole vyote vinapata pa kushika. Inachukua risasi 15 za milimita 9, lakini ni nene, na ikijaa inakaribia gramu 850. Ya pili SIG Sauer P365, iliyotoka 2018 na risasi 10 ndani ya kiwiliwili ambacho kabla yake kilikuwa kikichukua sita au saba. Ile inapotea kiunoni, ila kidole changu cha mwisho kinaning'inia hewani. Ya tatu rivolva, Smith & Wesson 642, risasi tano za .38 Special, nyepesi sana, na nyundo yake imefichwa ndani haikwami kwenye nguo.

Mambo mawili yananitatiza. Mie natumia mkono wa kushoto. La pili ni sala. Hapa nyumbani nimemwendea seremala akanikatia vipande viwili vya mvinje, vimepinda kama herufi L. Kimoja urefu milimita 185, kimo 128, unene 34, ndivyo vipimo vya Glock 19. Kingine 147 kwa 109, unene kama 26, ndiyo P365. Nikavitoboa nikavijaza chubwi za nyavu za mjomba mpaka mizani ikasoma uzito wa bastola iliyojaa. Wiki nzima nimevaa kimoja kimoja. Kile kikubwa, nikiwa nimesimama hakuna anayekiona. Nikirukuu, kishikio kinasukuma shati nyuma na kuchora pembe kama ya sanduku. Nikihamishia tumboni, nikisujudu kinanichoma kwenye kinena. Kile kidogo kinaniudhi kidogo tu. Na Ijumaa nikiwa na kanzu sijui hata mkono upite wapi.

Sasa nichukue ile inayonikaa mkononi au inayonikaa mwilini? Na je, rivolva niitupe kabisa?

Ami_Kikwajuni

Waalaykum salaam mwanangu. Pole kwa yaliyokufika.

Mie bastola nimeivaa kiunoni miaka kumi na moja ya kazi, kabla ya kustaafu. Naanza na hivyo vipande vya mti: usivivae nje ya ua wa mama yako. Askari akikiona kitu kama kile chini ya shati hana njia ya kujua kuwa ni mvinje, utaumia bure. Na hiyo ya kweli utakayonunua usije ukafikiria kuitia mkobani siku ukija nyumbani.

Rivolva iache. Wengi huambiwa ni rahisi. Ni rahisi kuielewa, kuipiga si rahisi. Kifyatulio chake kizito, na wepesi ule unaousifu ndio unaokurejeshea teke lote kwenye kiganja. Ukipiga risasi ishirini uwanjani hutamani ya ishirini na moja, na silaha usiyotamani kuifanyia mazoezi haikufai. Tena silinda yake inaangukia upande wa kushoto, imetengenezwa kwa mwenye kutumia mkono wa kulia. Wewe kuijaza tena itabidi ujifunze kucheza na vidole, na usiku wa hofu vidole havichezi.

Baina ya zile mbili sitakuchagulia, lakini nikwambie kilichonifunza. Mwenzangu mmoja kazini, mtu hodari wa shabaha, alijipiga paja akiwa anarudisha bastola kwenye ala. Hakukuwa na adui, hakukuwa na ugomvi. Tulikuwa tumetoka kusali Adhuhuri. Pindo la shati liliingia ndani ya ala pamoja na bastola, likanasa kwenye kifyatulio, akasukuma. Nilimfunga kwa kilemba changu mwenyewe mpaka gari ilipofika. Alipona, lakini mguu ule mpaka leo anauburuza.

Glock haina sefti (kizuizi cha usalama) ya kubonyeza kwa kidole gumba, kinga zake zimo ndani na kwenye kifyatulio chenyewe. Pindo la shati likivuta kifyatulio, bastola haijui kuwa ni shati. P365 unaweza kuipata yenye sefti ya pembeni au isiyo nayo.

Kwa hiyo hesabu zako zianzie hapa: kwa zamu ya usiku utasali Isha na Alfajiri kazini. Ukiwa kila mara unaichomoa na kuirudisha, ni mamia ya mara kwa mwaka, na kila mara ni nafasi ya lile lililomkuta mwenzangu. Usiichomoe. Vua ala pamoja na bastola yake ndani, kitu kimoja, weka kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa skrubu chini ya kaunta, funga, nenda katie udhu. Usiilaze pembeni ya mswala. Ala iwe ngumu, ya plastiki iliyofinyangwa kwa bastola hiyo hiyo, ifunike kifyatulio chote. Ya ngozi iliyolegea ikatae hata ukipewa bure. Kanzu haina mlango, kwa hiyo siku ya kanzu usivae bastola.

Na moja la mwisho, usinichukie. Yule kijana alikuwa keshakuelekezea mtutu. Saa ile bastola isingekuokoa, ingekuua. Kilichokuokoa ni kutoa pesa. Ukibeba, ubebe ukijua hivyo, na mara nyingine akija mtu kama yule toa pesa vilevile.

MamaIlham_Fuoni

Kaka yangu, umeandika vipimo vya milimita lakini hujasema nyumbani mko wangapi. Una watoto? Wa umri gani? Bastola italala wapi ukitoka kazini asubuhi na wewe umechoka, umejitupa kitandani?

Mie ni muuguzi, na ni mama. Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu alisogeza ndoo, akapanda juu ya ndoo, akapanda juu ya kiti, akafungua kopo la vidonge vya bibi yake juu ya kabati. Kopo lile lina kifuniko cha kuzuia watoto. Nilikuwa jikoni, nasikia kitu kinasagika mdomoni. Ndipo nilipojua kuwa juu si mahali pa kuficha. Juu ni mahali ambapo mtoto hajafika bado.

Nunua kisanduku cha chuma cha kufungua kwa namba siku ile ile unaponunua bastola, kabla ya kununua hata risasi. Kimoja kazini, kimoja chumbani kimefungwa kwenye sakafu au kitanda, na cha gari chenye waya wa chuma wa kukifunga kwenye kiti. Ukivua suruali, ala inaingia humo kabla suruali haijagusa kamba. Mke wako ajue namba, na mkubaliane.

Na hili nalisema kwa mapenzi: umesema mikono inapoa kengele ikilia. Hiyo inatibika, usiione aibu kumwona mtaalamu. Kule Marekani zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi ni waliojiua wenyewe. Kama ipo siku wewe au mtu wa nyumbani mwako moyo umezama, bastola itoke nje ya nyumba mpaka ahueni ije.

Nimerudi_Jambiani

Nimekaa Minneapolis miaka kumi na mbili kabla ya kurudi kufungua nyumba ya wageni huku, na nimebeba kwa kibali muda mrefu. Ami amesema la maana kuliko yote. Mie niongeze ya dukani.

Kinachoonekana chini ya shati ni kishikio. Mtutu umo ndani ya suruali, hauonekani hata uwe mrefu. Kwa hiyo zile milimita 185 zisikutishe, ile 128 ya kimo ndiyo inayochora pembe ukirukuu. Mti wako umekwambia kweli. Lakini kati ya hizo mbili kuna za katikati ambazo hujazishika. P365XL, ilitoka 2019, risasi 12, kishikio kirefu kidogo, kidole chako cha mwisho kitapata pa kukaa. Na Glock 43X ya mwaka huo huo, risasi 10: kimo ni kile kile 128 cha Glock 19 lakini unene 28, inalala bapa kwenye ubavu. Mie mwili wangu mwembamba, nilivaa 43X.

Kwa mkono wa kushoto: kitufe cha kuachia magazini (kibweta cha risasi) unaweza kukihamishia upande wa pili kwenye hizi zote. Kibonyezo cha kuzuia slaidi, kile kipande cha juu cha bastola kinachokwenda mbele na nyuma, ndicho tatizo. Glock 19 ya toleo la tano inacho pande zote mbili, hizi nyembamba zinacho upande wa kushoto tu. Utajifunza kuvuta slaidi kwa mkono mzima badala ya kubonyeza, na kwa kweli ni bora hivyo.

Usinunue kwa kushika dukani. Nenda renji, uwanja wa shabaha, inayokodisha bastola, kodi tatu, piga risasi hamsini kila moja. Utashangaa. Ndogo inapendeza kiunoni na inatesa mkononi. Kwa kuibeba kazini tumia risasi zenye ncha iliyotobolewa, zinapanuka zikifika, hatari ya kupita na kumfikia mteja aliye nyuma inapungua. Za kawaida ni za mazoezi. Lakini ukishachagua, pitisha hata hizo za kubebea kwenye bastola yako uone kama hazikwami.

Kibali kachukue hata kama Ohio haikidai. Ni mafunzo ya saa nane, unaomba kwa sherifu, kinadumu miaka mitano. Ukialikwa arusi Detroit umeshavuka mpaka, na Michigan inataka kibali. Illinois hata hicho cha Ohio haikitambui. Na msikitini sheria ya Ohio inakataza kuingia na silaha isipokuwa msikiti wenyewe umeruhusu, kwa hiyo muulize imamu wako kabla, usikisie. Vijana wetu walioko kule kwa viza ya kusoma kwa kawaida hawaruhusiwi kununua, na wewe usithubutu kumnunulia mtu kwa jina lako. Fomu ya 4473, ile unayojaza dukani ukinunua silaha, inakuuliza swali hilo waziwazi na ukidanganya ni jela.

Mashoto_wa_Machomane

Nimesoma zote mara mbili, ya Ami mara tatu. Nashukuru sana, Mungu awalipe.

Dada, nina mtoto mmoja, msichana, miaka minne na nusu. Nimesoma habari ya ndoo na kiti nikamkumbuka yeye anavyopanda sinki akitafuta biskuti. Nimempigia mke wangu jana usiku, nikamwambia kila kitu, na mpaka jana nilikuwa sijamwambia hata kama nafikiria kununua. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kisanduku kinunuliwe kwanza, kikae nyumbani mwezi mzima kitupu, tuone kama tunakifunga kila siku. Nimekubali.

Vipande vya mvinje havitoki uani tena, Ami. Na nimefanya ulivyosema ndani ya nyumba: nimevua ala ya kitambaa aliyonishonea mama pamoja na mti wake, nikatia udhu, nikasali, nikavaa tena. Mara ya kwanza nilijikuta nimechomekea shati bila kutazama, pindo limeingia ndani pamoja na mti. Nililiona kwa macho yangu. Nilikaa chini kwenye jamvi la karafuu nikatulia kwanza.

Rivolva nimeiacha. Glock 19 nayo naiacha, kwa kimo chake pamoja na unene wake. Nitakodi P365XL na 43X, risasi hamsini hamsini, na itakayonipa shabaha nzuri bila kuniumiza kiganja ndiyo hiyo. Nitachukua mafunzo ya saa nane kabla ya kuivaa kazini hata siku moja. Siku ya kanzu sitabeba.

Lile la pesa, Ami, nimelipokea. Sikulipenda nilipolisoma mara ya kwanza.

Lililobaki: ala ya mashoto, kiunoni nyuma ya nyonga ya kushoto au mbele? Ukiwa unainama siku nzima kupanga makreti ya soda, ipi haitanivunja mgongo?

Ami_Kikwajuni

Nyonga ya kushoto, nyuma kidogo ya mshono wa suruali, na mkanda mgumu usiopinda. Mkanda wa kawaida utalegea usiku wa tatu. Ukichukua makreti chuchumaa kwa magoti, usiinamie kiuno. Nikipata nafasi nitakuandikia namna ya kuchomoa kwa mkono wa kushoto ukiwa umeketi kwenye kiti cha kaunta, maana hilo halifanani na ukiwa umesimama.