Modeli yangu ya injini ya zamani inashika lakini hairuki vile inafaa, msaada wadau

fundi_nyalenda (Kisumu)

Wadau habari za jioni. Niko na modeli hapa imenikalia kichwani. Ni zile injini za kale za shambani za Marekani, silinda moja imelala, flaiwili mbili kubwa huku na huku, zenye gavana ya kuruka, yaani ikifika spidi yake inaacha kupiga, flaiwili zinajizungukia tu, spidi ikishuka inapiga moja halafu inaruka tena. Skeli nimechukua theluthi. Silinda milimita 30 kwa ndani, stroki 40. Flaiwili nimezikereza kutoka kwa puli kuukuu za mashine ya unga nilizopata Kibuye, pistoni nimeyeyusha pistoni ya lori, spaki natumia CDI (kile kiboksi cha kutoa spaki) ya boda boda na betri ya 12V.

Sasa, kushika inashika, nikizungusha na mkono inaenda. Shida ni gavana ikikamata, inaruka mizunguko minne mitano hivi halafu lazima ipige tena, na kuna wakati inatoa kamlio kwa egzosti, pap, wakati haifai hata kuwa na moto ndani. Kwa video za wenzetu huko nje naona zao zinazunguka weee mpaka unadhani imezima ndio inapiga. Nimecheza na skrubu ya petroli juu chini, nikabadilisha plagi, hakuna tofauti. Nianzie wapi? Mbele huko nataka iende na gesi ya mtungi.

boda_na_zaidi

Boss si ungenunua tu pampu ya mchina ya kunyunyizia shamba, hiyo inapiga siku nzima bila kuruka 😂😂 Lakini weka picha bana, hizo puli zilitoka aje?

ToolroomNax (Nakuru)

Achana na petroli na spaki kwanza. Zingekuwa mbaya isingeshika kwa mkono. Kinachokukula ni msuguano, na kwa modeli msuguano ni adui mkubwa kuliko kwa injini yenyewe. Piga hesabu: ukipunguza kila kipimo mpaka theluthi, uzito wa flaiwili unabaki moja ya 27, na ile nguvu yake ya kuendelea kuzunguka inabaki moja ya 243, kwa sababu uzito umeshuka na pia umesogea karibu na shafti. Lakini ringi za pistoni hazijui mambo ya skeli, zinabana silinda vile zinabana. Ndio maana wengi wanaacha rimu ya flaiwili iwe nene kuliko ya ile ya asili, na wanakubali modeli ikimbie kidogo.

Fanya hivi. Toa plagi, toa ile fimbo ya egzosti, zungusha pole pole na mkono mmoja ukisikiliza na vidole. Kama inakaza mahali pamoja kila mzunguko, angalia kranki na beringi, kuna kitu hakijanyooka. Kama inakaza mzunguko huu, unaofuata iko huru, halafu inakaza tena, hiyo ni gia ya kemu (ile nundu inayosukuma valvu ya egzosti ifunguke), maana yenyewe inaenda nusu ya spidi ya kranki, utakuta kuna jino limekwaruzwa ama gia zimesukumana sana, weka karatasi katikati ndio ukaze. Ikikaza sawasawa kote basi ni ringi ama oili. Uko na ringi ngapi? Kwa 30 ukiweka tatu umejifunga breki mwenyewe, mbili laini zinatosha, na kuna watu wanatembea na moja. Oili ile nzito ya 40 ya matatu usilete hapo, kwa bushi weka ya cherehani tu.

mzee_wa_kinu (Kakamega)

Vijana hamjambo. Mimi nimeshinda na Lister za kusaga unga miaka mingi kwa hivyo wacha niseme kitu, na mtu asinichanganye, Lister ile ya unga hairuki. Ile ni dizeli, gavana yake inapunguza tu dizeli, kwa hivyo inapiga kila zamu, kubwa ama ndogo, mizunguko 650 kwa dakika kwa ile ya farasi 6. Hii ya kijana ni ukoo mwingine.

Fundi, hiyo pap ndiyo inakuambia ugonjwa. Valvu yako ya kuingiza haina kemu sivyo? Inavutwa na pistoni yenyewe, springi yake ni laini. Wakati wa kuruka gavana inashikilia egzosti wazi, pistoni ipumue kupitia hapo, basi valvu ya kuingiza inafaa kukaa kimya kabisa. Shika tochi, weka kucha juu ya kale kaspringi injini ikiruka. Ukisikia inatingishika, inakunywa petroli kidogo kidogo bila ruhusa, inatapika kwa egzosti yenye joto, ndio hiyo pap.

Halafu nijibu hili: kemu inafungua egzosti kiasi gani, na gavana ikishikilia inabaki wazi kiasi gani?

fundi_nyalenda

@ToolroomNax ringi ni mbili, na asante kwa hiyo ya gia, kweli iko mahali inakaza mzunguko mmoja ndio mmoja sio, nitaifungua.

Mzee shikamoo. Nimepima sasa hivi. Kemu inainua milimita 3, lakini gavana ikishika inabaki wazi kama 1.2 hivi. Na kucha imesikia, inatingishika kweli.

mzee_wa_kinu

Marahaba. Basi umejipata. Hiyo 1.2 ni tundu dogo, kila pistoni ikirudi nyuma inang'ang'ana kuvuta hewa kupitia hapo, hiyo ni breki ya kwanza, na ule mvuto ukizidi unafungua valvu ya kuingiza, hiyo ni pap yako. Ugonjwa mmoja unaonyesha dalili mbili. Sogeza kile kibloku cha kwa fimbo ya egzosti mpaka ndoano ya gavana ikamate karibu na kilele cha kemu, ubaki na 2.5 ama zaidi. Lakini usikifikishe kwa kilele kabisa! Kemu ikiwa juu kibloku kinafaa kupita ndoano kidogo, kama unene wa kadi, ndio kemu ibebe mzigo wa springi kwanza na ndoano iachilie ikiwa haina uzito. Ukikosa hiyo nafasi ndoano itang'ang'ania, gavana itaachilia ikichelewa na ncha italika haraka sana. Hiyo ncha uliichoma ikawa ngumu? Kama ni chuma laini tu, ichome.

biogesi_trans (Kitale)

Kwa mambo ya gesi. Hizi injini zilianzia huko huko, zile za Otto za 1876 kule Deutz, Ujerumani, zilikuwa zinakula gesi ya makaa ya mawe kutoka mabomba ya mji, petroli ilikuja baadaye. Lakini usichomeke paipu ya mtungi moja kwa moja kwa kabureta. Injini yako inavuta mara moja halafu inakaa, gesi ikiendelea kutiririka wakati inaruka itajaa kwa meza, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini inangoja mtu awashe kitu. Unahitaji kiwambo cha mpira kinachofungua tu kikivutwa, baada ya regiuleta ya kawaida ya jikoni, na mtungi ukae nje. Biogesi pia inaenda, mimi najua watu wanasukuma injini kubwa nayo, ila ile harufu ya mayai mabovu inakula shaba, kwa hivyo bushi zako zitalia, pitisha kwa vyuma vyenye kutu kwanza.

ToolroomNax

Hapo kwa egzosti mzee amemaliza, sikuwa nimefikiria kuuliza. Moja tu ya CDI: sumaku ya kuamsha spaki umeweka kwa flaiwili ama kwa gia ya kemu? Kama ni kwa flaiwili inapiga spaki kila mzunguko, nusu ni za bure, zinakula betri. Hamisha kwa kemu.

fundi_nyalenda

Iko kwa flaiwili, nitahamisha nikifungua gia. Mzee, na springi ya kuingiza niongeze nguvu ama niiache?

mzee_wa_kinu

Rekebisha egzosti kwanza uone. Ikibaki inatingishika, chukua springi ya biro ya kubonyeza, ukate vipande vya urefu tofauti, ujaribu kuanzia ile laini. Ukiweka ngumu sana itakataa kuvuta petroli na utarudi hapa ukisema imekataa kushika.

boda_na_zaidi

Picha bado hatujaona 😂