Nimepungua kilo 19, kikoba kikaniletea sukari ya kuona mgonjwa. Hivi Kigoma tuna nini?

Wakuu kwema? Wenzangu wa Mwanga na Ujiji mtakaonitambua humu, nitambueni tu, sijifichi. Leo nina povu na nalitoa lote. Mwenye haraka apite, uzi ni mrefu.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, mama wa watoto watatu. Jumapili iliyopita jioni nimekaa nyumbani namalizia upindo wa gauni la mteja, nasikia hodi. Wanaingia akina mama sita wa kikoba chetu, wamejitanda khanga kama wanaokwenda msibani. Nyuma yao kijana wa bajaji kabeba kreti la soda na mfuko wa sukari kilo tano. Wakakaa. Wakanyamaza. Mweka hazina akanishikisha bahasha, akasema, "Pole dada. Tumeona tusisubiri mpaka ulale kitandani."

Nikauliza pole ya nini. Wakaangaliana.

Kumbe wametoa elfu hamsini kwenye mfuko wa jamii, ule wa mfiwa na mgonjwa, wakaniandika daftarini kuwa mgonjwa. Kikao kimekaliwa bila mimi. Na mmoja wao, siku mbili kabla, alikuwa ameshafika Ujiji kwa mama yangu mzazi kumwambia, "Mwanao anaisha, mkalishe chini aseme mapema, siku hizi dawa zipo." Mama ana miaka sabini na kitu. Alikuja kwangu usiku huohuo, akakaa kizingitini analia, mimi sijui hata nimbembeleze kwa lipi. Nilidhani amefiwa.

Kosa langu ni moja: nilikuwa kilo 94, sasa nina 75. Imenichukua miaka miwili. MIAKA MIWILI, sio wiki mbili kama mnavyohadithiana.

Na sasa sikilizeni kichekesho. Urefu wangu ni sentimita 162. Ule uwiano wa uzito na urefu wanaoupiga hospitali, kwa kilo 94 nilikuwa karibu 36. Kuanzia 30 kwenda juu wanaita kiribatumbo. Sasa hivi nina 28 na nusu, na uzito wa kawaida unaishia chini ya 25. Maana yake huyu mgonjwa wenu, huyu anayeisha, kwa vipimo BADO NI MNENE! Mmemletea sukari mtu mnene ili apone unene uliobaki.

Nilipokuwa na 94 mlikuwa wapi? Nilikuwa nikipanda ngazi tatu za nyumba ya mteja nashika ukuta. Usiku nakoroma mpaka mtoto anahamia sebuleni. Siku niliyokwenda kupima kwa sababu kichwa kilikuwa kinagonga wiki nzima, presha ilisoma 160 kwa 100, muuguzi akarudia mara tatu akidhani kifaa kimekosea. Wiki ileile, kwenye kichen pati, mnanizunguka mnasema, "Mashallah umependeza, shemeji anakutunza." Siku ile ndiyo nilistahili pole. Hakuja mtu hata na ndimu moja.

Mimi kazi yangu ni kupima watu, kwa hiyo msinidanganye. Nina madaftari ya vipimo ya tangu 2013. Nikiyafunua naona mji mzima unavyotanuka, inchi baada ya inchi. Mteja aliyekuja kiuno 30 akiwa bibi harusi, leo namzungushia futi kamba inasoma 41, na hapo amevuta pumzi. Nusu ya kazi ninazopata siku hizi si kushona, ni kuachia mishono. Na kila anayeleta kitenge kipya ananiambia sentensi ileile: "Fundi, weka nafasi ya kunenepea." Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia niweke nafasi ya kupungua.

Kwetu hapa "amejaa mwili" ni sifa na "amepungua" ni habari mbaya, inasemwa kwa sauti ya chini. Naelewa ilikotoka. Wazee wetu wameona njaa. Halafu ukaja Ukimwi, wagonjwa wa kwanza nchini wakatangazwa Kagera mwaka 1983, na jirani zetu Uganda waliuita "slim" kabisa, maana mtu alikuwa anakonda mpaka anabaki mifupa. Hofu ile imeturithisha macho ya kutazama mashavu ya mwenzako kama unasoma cheti. Lakini hiyo ni miaka arobaini iliyopita! Leo anayekunywa dawa zake vizuri anaweza kuwa na afya na mwili kukuzidi wewe, humjui kwa macho. Na hata ningekuwa nao, ndiyo mzunguke mji mzima mnatangaza? Ndiyo mniletee sukari?

Narudi kwenye sukari, maana hii ndiyo imenichoma zaidi. Soda moja ya mililita 350 ina sukari gramu thelathini na kitu, karibu vijiko vinane vya chai. Kreti lina chupa 24. Pigeni hesabu: mmeniletea karibu kilo nzima ya sukari iliyoyeyushwa, juu ya zile kilo tano kavu. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Mimi zamani chai peke yake, vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku kwenye cherehani, nilikuwa nimeshaimaliza hiyo 50 kabla sijagusa kitumbua. Na hivi ndivyo tunavyoangalia wagonjwa wote. Kaka yangu amekatwa kidole cha mguu kwa kisukari, yuko kitandani, watu wanapanga mstari kumwona na soda mkononi. Nilisimama mlangoni nazipokonya kama askari. Nikaitwa mchoyo.

Kikoba chenyewe, kikao cha saa mbili tumekaa kwenye mkeka, kinachopita ni soda na maandazi. Maji hayapo. Ukiomba maji unaulizwa, "Una vidonda vya tumbo?" Harusini mtu anapanga sahani wali, juu pilau, pembeni ndizi, viazi vya kukaanga, nyama mbili, na mchicha kijiko kimoja kama dozi. Ukichukua kidogo, mpakuaji anaona umemtukana mwenye shughuli. Shangazi yangu mmoja alinirudisha kwenye meza kwa mkono, akaniongezea mwenyewe, akasimama kuhakikisha nimemeza. Ana presha na miguu imevimba. Watoto wetu wanakwenda shule na biskuti na maji ya rangi ya machungwa ambayo chungwa halijawahi kupita hata karibu, na sisi hapa Ujiji maembe yanaoza chini ya miti msimu mzima.

Halafu kutembea! Hapa mtu mzima akitembea kwa miguu ameishiwa. Nilipoanza, natoka Mwanga alfajiri nashuka barabara ya Lumumba mpaka stesheni ya reli, kisha nageuza, na wanaoijua Kigoma wanajua kugeuza ni kupanda mlima. Mwanzoni dakika 15 nahema kama mbuzi wa kafara. Bodaboda wanasimama mmoja baada ya mwingine: "Mama panda, hata kama huna hela utanilipa kesho." Wateja wakaanza kumuuliza mume wangu kama duka limeyumba. Kijiwe cha kahawa wakamuuliza mkeo umemfanyia nini. Mume wangu mpole, siku moja akanishika mkono akasema, "Mke wangu, naomba upunguze kupungua." Nilicheka, lakini usiku nililia.

Sasa upande wa pili wa unafiki. Wale wale wanaosema nina ngoma, wakinikuta peke yangu wananong'ona, "Dada, niambie siri, unakunywa nini?" SINYWI KITU. Nikisema hivyo wananuna, wanadhani nawabania.

Sikatai, nami nilikuwa mjinga kabla. Nilinunua kwa njia ya simu "chai ya kukata tumbo". Nyingi ya hizo zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Niliharisha siku kumi, mzani ukashuka kilo nne, nikapiga vigelegele. Kilichotoka ni maji. Nilipoacha zilirudi wiki hiyohiyo. Nikaingia kwenye matango na maji ya ndimu mwezi mzima, zikatoka sita, zikarudi nane. Mwili ukiunyima ghafla unabana matumizi na njaa inapanda, ukirudi kwenye sahani ya zamani unalipishwa na riba. Ni mkopo wa kausha damu kabisa. Na upande mwingine wapo mabinti, wateja wangu hao, wanameza vidonge vya mzio kwa sababu vinaleta hamu ya kula, wanenepe nyonga. Mji mmoja, huyu anaharisha, yule anajinenepesha, na muuzaji ni mmoja.

Kilichonisaidia hakina hadithi ya kusimulia. Vijiko vitatu vya sukari vikawa viwili na nusu, baadaye viwili, miezi minne mpaka nikafika sifuri, na ulimi ukazoea. Ugali sikuacha, mimi ni mtu wa Kigoma na ugali wa muhogo siuachi, ila tonge zima la sahani sasa ni kama ngumi yangu, na mboga ndiyo imechukua nafasi. Samaki wetu mgebuka nachemsha na ndimu na nyanya badala ya kumkaanga mpaka awe mkavu. Vitumbua vya saa nne nilivihamishia Ijumaa tu, na Ijumaa ikifika navila kwa raha zangu. Kila nikimaliza kipande cha kazi nasimama, maana cherehani inakukalisha saa nane bila kujua. Kutembea sasa ni dakika 40, siku tano za wiki. Nilikwama kilo 83 miezi mitatu, mzani haukusogea hata robo, nikataka kuutupa ziwani. Presha juzi imesoma 126 kwa 82. Hiyo ndiyo siri. Sasa nani ananunua siri ya namna hiyo?

Najua kuna atakayeniambia mawese. Acheni mawese yetu. Ile rangi yake nyekundu mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na sombe, yaani kisamvu, bila mawese kwangu si sombe. Ila ni mafuta, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote, yawe ya Kigoma au ya Singida, kina nguvu ya kalori kama 120. Sisi hatupimi kijiko, tunamimina mpaka tuone yamesimama juu ya maharage. "Mbona babu alikula hivyo akafika miaka tisini?" Babu yako alikuwa anapiga kasia usiku kucha akivua dagaa, asubuhi anapandisha mzigo kichwani kutoka ufukweni Kibirizi. Wewe unapiga simu bajaji ikufuate mlangoni ikupeleke sokoni. Kula kama babu, halafu ukapige kasia.

NYONGEZA 1: Anayeomba picha za kabla na baada, sitoi. Hapa si dukani.

NYONGEZA 2: Mkuu hapo juu amesema unene ni wa ukoo. Kweli, ukoo upo, mama yangu na mashangazi wote ni wanene na huenda mimi sitafika kilo 65 maishani, wala sijaahidi mtu. Lakini ukoo haujawahi kuniongezea kijiko cha tatu kwenye chai. Na sijamtukana mnene yeyote, nimekuwa mnene, bado ni mnene, someni tena juu. Ninaowasema ni wenye midomo.

NYONGEZA 3: Wanne mmeshanifuata faragha kuniuzia chai. Mungu anawaona.

NYONGEZA 4: Wengi mnauliza imeishaje. Bahasha nimeirudisha kikao cha Jumamosi mbele ya wote, nikadai mstari wa "mgonjwa" ukatwe kwa wino mwekundu, ukakatwa. Aliyekwenda Ujiji hakuhudhuria, ametuma ujumbe kuwa anaumwa miguu. Mama yangu bado haamini sawasawa, kaniambia nipime mbele yake, na wallahi nitapima, jibu atalisoma yeye mwenyewe. Soda zilikuwa 24, leo asubuhi nimehesabu 19, mume wangu anasema hajui. Sukari kilo tano ipo chini ya meza ya cherehani. Mwenye maulidi au msiba karibu na Mwanga aje achukue, asije na pole.